Habari ya Mashine

Shadya binti Riyadhi alipenda utaratibu kuliko chakula, na chakula nacho alikipenda. Pale Bukoba mjini, katika duka la gemu la baba yake mdogo, Mzee Jamali, hakuna kitu kilichohama rafu bila yeye kujua. Pedi mpya za kuchezea upande huu, pedi za mtumba upande ule, CD zilizokaguliwa mikwaruzo droo ya juu, zisizokaguliwa droo ya chini. Ole wako uweke kikombe cha chai juu ya kaunta. Wafanyakazi walimwita TBS, kama lile shirika la viwango, nyuma ya mgongo wake, naye alijua, wala hakuchukia.

Kila mashine ya gemu ya mtumba iliyoingia dukani ilipitia kwa fundi Twaibu. Aifungue, aisafishe feni, kisha acheze mechi nzima ya mpira, vipindi vyote viwili, mpaka mashine ipate joto sawasawa. Ikivuka hapo bila kuzima inabandikwa karatasi ndogo ya kijani, IMEPIMWA, ndipo inauzwa. Huo ndio ulikuwa utaratibu, Shadya aliuandika mwenyewe na kuugundisha ukutani.

Lakini alichojivunia hasa ni simu. Chuoni Mwanza alifundishwa kwamba muuzaji asiyemfuatilia mteja wake anauza akiwa amefumba macho, naye akalishika hilo kama aya. Mtu akinunua mashine, awe wa Bukoba au wa tawi la Muleba, baada ya wiki anapigiwa simu. Kazi hiyo Shadya hakumwachia mtu.

"Halo, shikamoo mzee. Ni Shadya wa duka la gemu. Habari ya mashine?"

"Nzuri."

"Asante sana, karibu tena."

Anakata, anampigia mwingine. Nzuri. Nzuri sana. Salama tu. Nzuri, dada. Mwisho wa mwezi Mzee Jamali analetewa ripoti: wateja walioridhika, asilimia mia. Jamani, mia! Kuna kitu gani duniani kinachofika mia? Hata mvua ya Bukoba, pamoja na ukorofi wake wote, kuna siku inapumzika. Mtu mwingine angejikuna kichwa akajiuliza. Shadya hakujiuliza, alifurahi.

Tatizo lilikuwa Muleba. Bukoba watu walinunua mashine, wakarudi kununua CD, wakarudi tena na binamu zao. Muleba walinunua mara moja, kisha kimya. Hakuna aliyerudi hata kuuliza bei ya waya. Miezi ikapita hivyo, tawi likawa linakula tu bila kuleta kitu, na Mzee Jamali, ambaye biashara alianza kuifanya kabla Shadya hajazaliwa, akamwita ofisini.

"Mashine ni zilezile?"

"Zilezile, baba mdogo."

"Bei ileile?"

"Ileile."

"Na wateja wenyewe wanasema nzuri. Basi aliyebaki ni mtu. Yule Restituta wako ana mdomo, nilikwambia. Mchukue Twaibu na pikapu, mkapakie mali, alete funguo. Muleba tunafunga."

Shadya alitoka kumtafuta Twaibu. Restituta aliajiriwa na yeye, tena kwa kumbishia mzee. Ni mwanamke wa Kamachumu, mchangamfu, msema chochote, kicheko chake unakisikia ng'ambo ya barabara. Aliacha kufundisha chekechea ili ashike tawi lile, na nafasi yake shuleni ilishachukuliwa. Kumnyang'anya funguo ni kumwacha mikono mitupu, na Shadya alilijua hilo vizuri. Lakini afanyeje? Asilimia mia ilikuwa imesema, na alikuwa ameiandika kwa mkono wake.

Walifika Muleba asubuhi, mvua imekatika muda si mrefu. Restituta alitoka mlangoni akiwapungia.

"Karibuni! Kheri leo mmekumbuka watoto wa kambo. Mbona gari tupu? Mmeniletea nini?"

Shadya alijaribu kuzungusha maneno kwanza, akashindwa. Akamwambia. Restituta akakaa kwenye kiti cha wateja, taratibu.

"Nimeiba?"

"Hapana, Resti."

"Nimemtukana mtu?"

"Sijui. Ndiyo ninayokuuliza. Mbona hawarudi?"

"Hawarudi kwa sababu mashine zinakufa, dada! Warudi kufuata nini?"

Shadya alikasirika. Mtu anafukuzwa kazi na bado anatia sumu kwenye bidhaa! "Zinakufa wapi? Nimewapigia mimi mwenyewe, mmoja mmoja. Hakuna hata mmoja aliyelalamika."

"Unawauliza nini?"

"Nawauliza habari ya mashine."

Restituta alimtazama kitambo, kama mwalimu anayemtazama mtoto aliyevaa viatu kinyume. Kisha akachukua funguo mezani, akazishikilia mkononi.

"Funguo ni hizi. Nitakupa. Lakini kwanza twende kwa Mzee Mutembei, si mbali. Ukitoka pale bado unasema mashine ni nzuri, nitapakia mali mimi mwenyewe."

Mzee Mutembei ni mkulima wa kahawa. Alikuwa amenunua mashine ili wajukuu wake wasishinde barabarani wakati wa likizo. Waliiacha pikapu njiani wakaingia kwenye kibanja chake kwa miguu, migomba ikiwadondoshea maji shingoni, Twaibu nyuma na mkoba wake wa vifaa, kimya tangu Bukoba. Mzee aliwaona kwa mbali, akatoka kuwapokea. Restituta alipiga goti kidogo, akasalimu kwa Kihaya.

"Kasinge, tata."

"Shikamoo mzee," alisema Shadya.

"Marahaba, marahaba. Ah! Wewe si ndiye binti wa kwenye simu? Sauti yako naijua! Karibuni, waitu, karibuni ndani."

Wakakalishwa. Ukaja mkebe mdogo wa majani wenye emwani, zile kahawa za kutafuna, maana kwa Mhaya mgeni hakai mdomo mtupu. Mashine ya gemu ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kando ya picha ya Bikira Maria. Shadya hakuweza kungoja. Kahawa hata hajaigusa, akauliza:

"Habari ya mashine, mzee?"

"Nzuri," alisema Mzee Mutembei. "Nzuri kabisa."

Shadya akamgeukia Restituta na nyusi zake mbili juu. Unasikia? Akaanza kufunga vizuri mtandio wake, yuko nusu amesimama, anamshukuru mzee kwa ukarimu. Restituta akamkamata mkono.

"Kaa."

"Mteja mwenyewe amesema..."

"Kaa, dada. Hata kahawa hujala."

Akakaa, kwa hasira. Akatupia punje mdomoni. Mzee Mutembei akaendelea na mambo yake kwa raha, kama mtu mwenye siku nzima mbele yake.

"Habari za Bukoba?"

"Nzuri."

"Mvua?"

"Nzuri, inanyesha."

"Na Mzee Jamali? Nasikia ndiye baba yako mdogo. Hajambo?"

"Hajambo, anawasalimu sana."

Mzee Jamali wiki nzima alikuwa hawezi kuinama kwa sababu ya mgongo, na salamu hakutuma hata moja. Lakini nani anaanza na hayo? Mzee Mutembei alitikisa kichwa kwa kuridhika, akatafuna, akatema ganda kiganjani, akaliweka pembeni. Kisha akakohoa.

"Ila ile mashine, binti yangu, ilikufa."

Shadya alidhani hakusikia vizuri. "Ilikufa?"

"Ilikufa kabisa. Watoto walicheza siku mbili tatu, ikapata moto kama pasi, ikazima. Mpaka leo."

"Lakini mzee, nilikupigia! Wiki ya pili! Nikakuuliza habari ya mashine, ukaniambia nzuri!"

"Ndiyo." Mzee alishangaa kuona anashangaa. "Ulinisalimia, nikaitikia. Mtu hapokei salamu kwa msiba. Nikawa nangoja umalize kusalimia, uniulize sasa yaliyokupigisha simu, nami nikueleze. Ukakata."

"Kwa nini hukunipigia wewe?"

"Eh! Mtu yuko mjini, ana kazi zake, amekumbuka kunijulia hali mimi mzee wa shambani. Nimrudishie mabaya? Nikasema basi, heshima hii inatosha. Nikaifunika kitambaa."

Shadya alihisi joto likimpanda kutoka kifuani mpaka masikioni. Simu zile zote. Nzuri zile zote. Alikuwa akipiga simu kila asubuhi ya Mungu, anawasalimia watu, anaandika salamu zao kwenye ripoti na kuziita ubora.

"Dada Shadya," alisema Restituta polepole, "sisi Kiswahili tumekikuta shuleni. Wewe umenyonya nacho. Umewahi kuona wapi mtu akaulizwa habari akasema mbaya?"

Shadya alikumbuka. Nyumbani kwao kwenyewe, siku bibi yake alipofariki, watu waliingia na kuuliza habari za hapa, na mama yake akajibu nzuri, kisha ndipo akalia.

"Twaibu," alisema hatimaye. "Ifungue."

Fundi aliiteremsha mashine, akaivua kitambaa. Karatasi ya kijani ilikuwa palepale ubavuni: IMEPIMWA. Akatoa bisibisi, akafungua skrubu moja baada ya nyingine bila kumtazama mtu. Ndani, feni ilikuwa imevaa vumbi kama koti, na ile dawa nyeupe inayopoza moyo wa mashine ilikuwa imekauka, inameguka kama ukoko wa uji. Hata mtu asiyejua kitu angejua kwamba pale hakujapita fundi.

"Hii uliichezea mechi nzima?"

"Iliwaka," alisema Twaibu. "Picha ilionekana. Nikabandika."

"Utaratibu unasemaje? Uko ukutani, Twaibu, mbele ya pua yako!"

Basi hapo Twaibu, mtu mpole asiyeinua sauti hata akikanyagwa, akaweka bisibisi chini. "Ukutani pameandikwa mechi nzima. Na mdomoni mwako unaniambia mashine kumi ziwe tayari kabla ya adhuhuri. Nifuate ukuta au nifuate mdomo? Hesabu mwenyewe mechi kumi zinaisha saa ngapi."

"Na za Bukoba? Za Bukoba ulizipima?"

"Za Bukoba zinakufa vilevile."

"Wewe! Mbona wa Bukoba wanarudi kununua?"

"Wanarudi na mashine kwapani, wamefura! Mimi nawapokea kule mlango wa nyuma, nasafisha, napaka dawa, inawaka, wanacheka. Wakitoka wanapitia mbele wanachukua CD. Wewe unawaona wanalipa, unasema wateja wetu wanatupenda. Huku Muleba mlango wa nyuma hakuna."

"Na hukuniambia."

"Ulikuwa unapita pale mezani kwangu kila siku unaniuliza, habari za kazi, fundi?"

Alichokuwa akijibu sina haja ya kukitaja.

Twaibu aliisafisha mashine ile palepale juu ya meza ya mzee, akaipaka dawa, akaifunga, ikawaka. Safari hii hakuna aliyeinuka. Wajukuu waliitwa kutoka uani wakacheza mechi nzima, vipindi viwili, na walipomaliza Shadya akaweka kiganja juu ya mashine. Ilikuwa vuguvugu tu. "Wakola, waitu," alisema Mzee Mutembei, akaishukuru mashine na fundi kwa pamoja. Kitambaa Shadya alikikunja akakiweka pembeni, akamwomba mzee asikirudishe juu yake, iache ipumue.

Njiani kurudi dukani Shadya alimgeukia Restituta. Hasira ilikuwa haijaisha, ilikuwa inatafuta pa kukaa. "Na wewe! Kila Jumatatu nakupigia. Ulishindwa kuniambia?"

Restituta, mwenye mdomo wake wote, akainamisha uso. "Nilishindwa. Ulikuwa unaanza na kuniambia Bukoba mmepata asilimia mia. Nikajiambia nikisema Muleba zinakufa, nitaonekana mimi ndiye mchawi. Nikawa nasema nzuri, naomba tu zisizidi kufa. Hilo ni kosa langu, silikatai."

Walipofika dukani Shadya akampigia Mzee Jamali, akaweka sauti ya wote kusikia ili asije akaambiwa amegeuza maneno. Akaeleza yote, kuanzia salamu mpaka vumbi la feni. Mzee alisikiliza bila kumkatiza. Mwisho akasema, kwa sauti ya upole kabisa:

"Sasa si ndiyo sababu zaidi ya kufunga?"

"Vipi, baba mdogo?"

"Mwanangu, fikiri. Wameshanunua. Hakuna aliyedai. Umewapigia, na wote wamesema nzuri, tunayo kwa maandishi. Uanze leo kuwaamsha ili Twaibu akae huko wiki kadhaa anatengeneza bure? Acha ripoti zako ziseme zilivyosema. Chukueni mali mrudi, msije mkapata mvua."

Hakuwa mtu mbaya, Mzee Jamali. Alikuwa mfanyabiashara aliyechoka, mgongo unamuuma. Lakini maneno yale yalimwingia Shadya pabaya, kwa sababu yalikuwa yake mwenyewe, alimlisha mzee mwezi baada ya mwezi, na sasa anarudishiwa.

Restituta alisogeza funguo juu ya kaunta mpaka zikagusa mkono wa Shadya. Macho yake yalikuwa yamelowa, na hakuyaficha.

"Nimesikia. Chukua, dada. Kazi nitatafuta nyingine, sijafa. Ila wewe leo jioni utakuwa Bukoba. Mimi Jumapili nitakaa nao benchi moja kanisani. Hizi mashine niliwauzia mimi, kwa mdomo wangu huuhuu. Watanipa amani ya Kristo na kunishika mkono, na hakuna hata mmoja atakayesema neno. Hilo ndilo litakaloniua."

Twaibu alikuwa ameshika boksi la kwanza, tayari kupakia. Akaliweka chini.

Shadya alizitazama zile funguo. Alikuwa na hofu, tuseme ukweli. Baba yake mdogo ndiye aliyemlea tangu baba yake, Riyadhi, aondoke duniani, na katika maisha yake yote hajawahi kumwambia hapana akiwa na akili timamu. Akakisogeza kinywa karibu na simu.

"Baba mdogo, sifungi."

"Unasemaje?"

"Sifungi. Tunazirudisha zote, tunazitengeneza hapahapa. Twaibu anabaki, na mimi nabaki."

Restituta alikuwa haponi wala hafi pale alipo.

"Basi kaa hukohuko," alisema Mzee Jamali, na upole ulikuwa umekwisha. "Mwisho wa mwezi nakuja na kufuli langu. Nikikuta duka halina mteja kama lilivyo sasa, nalifunga, na nyinyi nyote mtakuwa nje yake. Na wewe Shadya ukiwa wa kwanza."

Akakata.

"Haya," alisema Shadya. "Nisomee namba ya kwanza."

Restituta alifungua daftari la mauzo, akasoma namba ya Mama Kokugonza wa kisiwani Bumbire. Huyu alikuwa na banda la gemu kambini kwa wavuvi. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawavuliwi, wavuvi wanakaa wamekunja mikono, ndipo wanapojaa bandani kwake kushindana mpira, na ndipo anapopata cha kulisha watoto. Alichukua mashine tatu kwa mkupuo. Alipopigiwa mara ya kwanza alisema nzuri sana.

Simu ikaita, ikapokelewa. Upepo wa ziwani ulikuwa unavuma ndani yake.

"Mama Kokugonza, ni Shadya wa duka la gemu. Mashine tulizokuuzia ni mbovu."

"Dada," ilisema sauti upande wa pili, imeumia kidogo, "hata salamu?"

"Salamu nitakupa baadaye, mama, nisamehe. Kwanza niambie ukweli. Zimekufa ngapi?"

Kikapita kimya kirefu. Shadya alifumba macho. Ulimi ulikuwa unamwasha kuuliza habari za Bumbire, za watoto, za ziwa, chochote cha kuziba lile pengo. Akauma midomo. Akangoja.

"Zote," alisema Mama Kokugonza.

Na hapo yakaanza. Wezi wakubwa nyinyi! Mmenifanya mimi mjinga kwa sababu niko kisiwani? Mnauza majeneza! Wavuvi wamehamia banda la mwenzangu, mwezi umekuja umekwenda nakaa natazama mabenchi matupu, na wewe na kisauti chako kitamu unanipigia, habari ya mashine, habari ya mashine, nikafikiri labda unanicheka! Alimtukana Shadya, akamtukana mwenye duka, akalitukana gari lililozileta mashine Muleba na mtumbwi uliozivusha. Sauti ilijaa duka zima. Twaibu alitazama sakafu. Machozi yalikuwa yanamshuka Shadya mpaka kidevuni, na wala hakukata simu.

"Endelea, mama," alisema. "Nasikiliza."

Mama Kokugonza akaendelea. Akaishiwa pumzi, akapumzika, akaongeza kidogo alichokuwa amesahau. Kisha, taratibu, sauti yake ikashuka.

"Sasa mtazitengeneza kweli?"

"Kweli. Zilete hapa Muleba, na hutoki mpaka uzione zikimaliza mechi nzima."

"Kesho nakuja na mtumbwi wa asubuhi." Akasita. "Na pedi zangu mbili wamezivunja hao wavuvi kwa kugombana. Zipo mpya za kununua hapo?"

Shadya akajifuta machozi kwanza. Restituta akampokonya simu.

"Zipo, mama!" alipaza sauti, mkono wake mmoja tayari umeshafika rafuni. "Njoo, zipo!"